Tanzania na Vietnam: wote tulifungua uchumi 1986, mbona hatulingani?

Kandambili:
Wakuu, naleta hoja. Agosti 1986 Tanzania ilisaini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, bei zikaanza kuachiwa soko. Desemba mwaka huohuo chama tawala cha Vietnam kikapitisha mageuzi yao, Doi Moi. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, mwaka 1990 pato la Mvietnam halikufika dola 100 kwa mwaka, la Mtanzania lilikuwa juu ya hapo. Mwaka 2023 wao wameshavuka dola 4,000, sisi tuko kwenye 1,200 hivi. Nchi zote mbili zimetoka kwenye ujamaa, zote za wakulima, zote chama kilekile hakijawahi kuondoka madarakani. Sera ipi hasa ilitutenganisha? Naomba hoja, matusi hapana.

Mzani:
Mkuu, mwaka 1990 si pa kuanzia. Dong, sarafu yao, ilikuwa imetoka kushushwa sana 1989, ukigeuza kwenda dola Mvietnam anaonekana fukara kuliko alivyokuwa. Angalia vitu badala ya dola. 1988 Azimio namba 10 liliitoa ardhi mikononi mwa ushirika, kila kaya ikalima kivyake. Mwaka uliofuata nchi iliyokuwa ikiagiza mchele iliuza nje zaidi ya tani milioni moja. Iliwezekana haraka kwa sababu mifereji ilishachimbwa na mbegu fupi za mpunga zilishaenea. Sisi kisomo cha watu wazima tulifanya vizuri mno, ila sekondari miaka ile ilichukua karibu vijana 5 katika kila 100.

Halafu gawanya kwa vichwa. Wao walikuwa milioni 64 mwaka 1989, wakafika milioni 96 mwaka 2019. Sisi tulikuwa milioni 23 mwaka 1988, sensa ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Uchumi wetu ulikuwa unakimbia kulisha watu wanaokaribia kuwa mara tatu.

Jembe Halimtupi:
Mnazunguka bure. Tofauti ni kazi. Wavietnam wanakuja kununua korosho zetu ghafi, wanazivusha bahari, wanabangua kwao, wanauza Marekani na Ulaya. Na za kwao wenyewe hazitoshi hata viwanda vyao! Hapa kwetu wakulima wa korosho wa Kusini wanataka hela ya mnada, wakishapokea wanakaa kusubiri msimu mwingine. Kubangua hawataki.

Mwana wa Newala:
Jembe, hiyo kauli ifute. Anayekaa kusubiri msimu ni nani? Mkorosho ukianza kutoa maua, Juni hivi, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia. Usipopuliza salfa maua yanakauka yote na msimu umekwisha. Gramu 250 kwa mti, unarudia kila baada ya wiki mbili, raundi nne mpaka tano. Unapuliza alfajiri umande ukiwepo na upepo haujaamka, jua likichomoza vumbi linapeperuka kwenda kwa jirani. Piga hesabu ya miti 200 na pampu ya injini mgongoni. Kabla ya hapo kuna palizi na kupogolea. Baada ya hapo kuokota kila siku, maana korosho ikilala chini ya mti na mvua ya kwanza ikanyesha, inaota madoa na kuoza ndani. Unainyonga kutoka kwenye bibo, lile tunda lake, unaanika, unachambua, unajaza magunia ya katani, unapeleka chama cha msingi cha ushirika. Hapo bado hujalipwa hata senti, unasubiri mnada.

Jembe Halimtupi:
Sijasema hamlimi, nimesema hambangui. Soma vizuri. Umeandika aya nzima na hakuna neno kubangua hata moja.

Mwana wa Newala:
Umeandika "wanakaa". Nimejibu ulichoandika.

Fundi Mitambo:
Ndugu zangu, kubangua si suala la kutaka. Mkulima kuwa mbanguaji ni kama mfugaji kuwa na kiwanda cha ngozi, kazi mbili tofauti kabisa. Nieleze kiwanda kinavyokwenda, halafu mbishane.

Kwanza korosho zinachekechwa kwa ukubwa. Ukiruka hatua hii kisu cha mashine kitakata punje badala ya ganda. Pili, mvuke dakika 20 hadi 30 ili ganda liwe jepesi kuvunjika na punje ijitenge. Ukizidisha, mafuta ya ganda yanaingia ndani na punje inakuwa kahawia. Tatu, zinapoa usiku kucha. Ukikata zingali na moto zinabomoka. Nne, kukata. Mafuta yale yanaunguza ngozi, ndiyo maana wanaokata kwa mkono wanapaka majivu au mafuta ya mbarika. Tano, tanuri la nyuzi 70 hivi kwa saa sita hadi nane, ili ngozi nyembamba iachie. Ndipo unamenya, unapanga madaraja na kufungasha.

Fedha yote iko kwenye punje nzima. Daraja la W320, maana yake punje kama 320 kwa ratili moja (karibu nusu kilo), ndilo linalouzwa kwa wingi duniani. Ikipasuka vipande bei inaporomoka. Mvietnam alianza na mashine za kukanyaga kwa mguu, baadaye mafundi wa nchini kwake wakabuni mashine za kukata zenyewe, spea zinapatikana mtaani. Kisu kikiisha makali anabadilisha siku hiyohiyo. Hapa kisu kinaagizwa, na wakati unakisubiri unaendelea kukata na kilichoisha, punje zinapasuka. Mwaka 2006 waliipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa.

Bandari Salama:
Na tusisahau tulikuwa na viwanda 12 tangu miaka ya 70, mkopo wa Benki ya Dunia, mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani, uwezo zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vingine vimekuwa maghala. Waliovibinafsisha ndio wa kuulizwa.

Fundi Mitambo:
Ubinafsishaji ulikuta vimeshakufa, mkuu. 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000. 1986/87 zilikuwa kama 17,000. Operesheni Vijiji ilihamisha watu mbali na miti yao, ubwiri unga ukaingia, bei ya serikali ikawa haimlipi mtu kurudi kupalilia. Viwanda vilifunguliwa wakati korosho zinaisha. Deni likabaki palepale.

Kilifi Kwetu:
Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Huku suluhisho lenu tulishalijaribu. Mwaka 2009 ilipigwa marufuku kuuza nje korosho na makadamia zikiwa ghafi. Viwanda vya makadamia vilipata mali. Lakini mkulima wa korosho wa Kilifi na Kwale akabaki na wanunuzi wa kuhesabu, bei wakawa wanapanga wao, watu wakaacha kupanda miti mipya. Mwishoni mwa 2023 hata marufuku ya makadamia ikalegezwa kwa muda, bei shambani ilikuwa imeanguka vibaya. Kufunga mlango ni rahisi, nani atamlipa mkulima ndilo swali.

Jembe Halimtupi:
Kenya haina korosho za kutosha kutupa somo.

Kilifi Kwetu:
Hazitoshi kwa sababu hiyo niliyoeleza, ndugu yangu. Kama Kenya ni ndogo, vukeni Ruvuma mwaulize wenzenu. Msumbiji mwaka 1995 ilishusha ushuru wa korosho ghafi kwa shinikizo la Benki ya Dunia, viwanda vikafungwa, maelfu wakapoteza kazi. Baadaye ushuru ukapandishwa tena. Ukifunga unaumia, ukifungua unaumia, kwa hiyo tatizo liko kwingine.

Mzani:
Liko benki. Mbona hakuna anayelitaja?

Korosho zetu zinaingia sokoni Oktoba hadi Januari. Kiwanda cha Mtwara kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima lazima kinunue mali ya miezi 12 ndani ya miezi mitatu au minne. Chukua mfano wa kiwanda cha tani 10,000 na bei ya shilingi 3,500 kwa kilo: bilioni 35. Deni linapungua kadiri unavyobangua, wastani wa mwaka ni kama bilioni 17.5. Kwa riba ya asilimia 16 unalipa bilioni 2.8, yaani shilingi 280 kwa kila kilo ghafi. Kilo moja ya punje inatoka kwenye kilo 4.3 za ghafi, kwa hiyo umebeba kama shilingi 1,200 za riba kwa kilo ya punje kabla hujamlipa mtu wala kuni.

Mvietnam ananunua Afrika Magharibi na Kambodia kuanzia Februari hadi Juni, kisha anakuja kwetu na Msumbiji mwisho wa mwaka. Anahitaji akiba ya miezi minne tu. Mpe riba ya asilimia 8: gharama yake ni kama shilingi 200 kwa kilo ya punje. Na meli? Makontena yanayotuletea bidhaa za Asia yanarudi mengi yakiwa matupu, nauli ya kurudi ni ndogo. Kusafirisha ganda ambalo ni zaidi ya nusu ya uzito ilipaswa kumwangusha, haimwangushi.

Bandari Salama:
Mzani umesahau ushuru. Korosho ghafi inatozwa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayolipwa. Bei ya tani ikiwa dola 1,400, ushuru ni 210. Zidisha kwa 4.3, kinga ya mbanguaji wa ndani inafika dola 900 kwa tani ya punje. Hiyo ni zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo, inafunika riba yako yote. Basi mbona viwanda haviko?

Mzani:
Swali zuri. Kiwanda kinachofanya kazi miezi minne kwa mwaka kinalipia mashine na jengo la miezi 12, na punje zinazopasuka kama alivyosema Fundi zinakula kilichobaki. Kodivaa wanatoza ushuru na bado wanampa mbanguaji ruzuku ya faranga 400 kwa kila kilo ya punje anayouza nje. Na ushuru kwa sehemu kubwa anaulipa mkulima: mnunuzi anautoa kwanza kwenye bei yake ndipo anaandika dau la mnada.

Mwana wa Newala:
Ahsante. Na zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye mfuko wa pembejeo. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, yote ikaenda Hazina. Salfa ya bure ikaisha. Novemba mwaka huohuo mnada ukakataliwa, serikali ikatangaza itanunua yote kwa shilingi 3,300, jeshi likaja kusomba. 2017/18 tulivuna zaidi ya tani 313,000, msimu huo zikashuka hadi kama 225,000. Mtu aniambie hapo uvivu ulikuwa wapi.

Jembe Halimtupi:
Marehemu Rais Magufuli aliwaokoa na bei ya kinyonyaji. Wanunuzi walitaka kulipa chini ya 2,700. Leo mnamsema kwa sababu hayupo kujibu.

Mwana wa Newala:
Hakuna aliyemsema marehemu. Nimesema fedha ya mfuko na salfa. 3,300 ilikuwa bei nzuri kwa aliyelipwa kwa wakati. Wengine walisubiri miezi uhakiki wa wakulima uishe, na waliokuwa hawawezi kusubiri walikuwa wameshauza kwa kangomba, wale walanguzi wa nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Mkulima akikosa hela Januari, Juni hana salfa. Mti hausubiri uhakiki.

Bandari Salama:
Mavuno yameshapona lakini, 2024/25 yamevuka tani 500,000. Mnada sasa uko kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, dau linaonekana.

Kandambili:
Wakuu, niliuliza Vietnam na Tanzania. Tumebaki na korosho peke yake. Umeme? Viwanda vya simu? Mkataba wao na Marekani wa 2001, Shirika la Biashara Duniani 2007, Samsung kuanza kuunda simu Bac Ninh 2009?

Mzani:
Hayo ni ya uzito kweli. Mwishoni mwa 2023 walikuwa na mitambo ya zaidi ya megawati 80,000. Bwawa la Nyerere lote ni 2,115. Na bado Mei na Juni mwaka huo mabwawa ya kaskazini yalikauka, umeme ukakatwa mpaka kwenye viwanda vya Bac Ninh. Ila kumbuka kampuni za kigeni ndizo zinazouza karibu asilimia 70 ya bidhaa zao za nje. Ukiondoa hizo, Vietnam ya Wavietnam wenyewe ni mpunga, kahawa, samaki, samani na korosho. Kwa hiyo korosho ndipo mahali pa haki pa kutulinganisha.

Jembe Halimtupi:
Na jeshi lao liko hapa linatuuzia laini za simu tangu 2015. Halotel ni ya Viettel, kampuni ya jeshi la Vietnam. Hapo napo mtasema riba?

Mzani:
Hapo nasema mtaji wa serikali. Tufungue mada nyingine.

Mwana wa Newala:
Fundi, kabla hujaondoka. Ghalani wanakataa mzigo wakisema unyevu umezidi. Kiwango hasa ni kipi, na mkulima asiye na kipimo afanyeje?

Fundi Mitambo:
Usizidi asilimia 10, na ukishuka hadi 8 ni bora zaidi kwa mzigo unaopanda meli, maana kontena lina joto na korosho zinatoa jasho humo. Usianike juu ya udongo. Tumia sakafu ya saruji au turubai, tabaka lisizidi sentimita tano, geuza mara kadhaa kwa siku, jua kali siku mbili au tatu. Jioni funika, umande ukiingia umerudi mwanzo. Kujua zimekauka: bonyeza ganda kwa ukucha, lisibonyee. Tikisa sikioni, usikie punje inacheza ndani. Usijaze zikiwa bado na joto la jua, ziache zipoe kwanza. Gunia liwe la katani, salfeti ya plastiki inafungia jasho. Panga juu ya mbao, acha nafasi kama nusu mita kutoka ukutani. Mzigo uliofuata haya mnunuzi akipima anapata ratili 50 za punje au zaidi kwa gunia la kilo 80. Ukipimwa ukaonekana 46, daini wapime tena kwa sampuli ya magunia mengine, si lilelile moja la mlangoni.