Naombeni ushauri: niiache hewani au niizime programu yangu ya kutafutia magari?

Mkorosho_Mkavu: Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara, Chuno. Nimetengeneza programu ya kutafutia magari ya mkononi, yaliyokwishatumika. Ukiandika "aisti namba D isizidi milioni 10 iwe huku huku", inajua aisti ni Toyota IST, inajua namba D ni usajili, haikuletei Noah ya Mwanza. Matangazo inayaokota WhatsApp na Instagram. Shida inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Niizime? Siku ya tatu silali.

Baba_Nanyamba: Mdogo wangu, gari usinunue msimu wa korosho. Novemba kila mtu ana hela, bei juu. Subiri kifuku, mwezi wa tatu watu wanauza Noah bado zina nailoni kwenye viti. Yangu niliipata hivyo Tandahimba.

Fundi_Ligula: Mzee, hajaulizia kununua. Mkuu, "vizuri kupita kiasi" ndiyo nini? Funguka.

Mkorosho_Mkavu: Inatambua gari moja likitangazwa na watu tofauti. Hata ukificha namba, inaangalia mikwaruzo, rimu, stika. Kuna IST ipo mara nne: milioni 9.3, 9.8, 10.5 na 11.2. Zinakaa pamoja, kwa hiyo cha juu anachojiongezea kila dalali kinaonekana.

Dada_Mikindani: Iache! Mimi nilishapigwa cha juu laki nane, kumbe mwenye gari jirani yangu nyumba ya tatu, tunachota maji pamoja.

Fundi_Ligula: Pole dada. Mleta uzi, huyo wa 11.2 ni nani yako?

Mkorosho_Mkavu: Mjomba.

Fundi_Ligula: Alaa!

Mkorosho_Mkavu: Na kompyuta alininunulia yeye. Na matangazo mengi nimeyatoa kwenye kundi lake, mimi ndiye admini. Ila jina sijaweka, inaonyesha namba ya simu tu. Linki nimeshawapa watu kama 40, nikizima sasa si nitaonekana tapeli?

Mzee_wa_Newala: Namba ya simu TU! Mmakonde gani unamwanika mjomba? Siku ya posa utapelekwa na programu?

Spana_10: Ngojeni kwanza. Hiyo IST chesisi gani?

Mkorosho_Mkavu: NCP60, cc 1490.

Spana_10: Chai hii wakuu. NCP60 ni injini ya 2NZ, cc 1290. Cc 1490 ni 1NZ, hiyo NCP61, au NCP65 kama inavuta matairi yote manne. Mtengeneza programu ya magari hajui hilo?

Baba_Nanyamba: Nilihisi. Leteni mihogo tunywee.

Mkorosho_Mkavu: Sio chai! Tangazo la mjomba ndilo lililoandikwa hivyo. Kwenye lile la 9.3 wamepiga picha kadi, inasoma 1290. Programu ikaweka alama nyekundu. Cha juu naweza kumtetea, ndiyo kazi yake. Hili la cc ndilo linaninyima usingizi.

Spana_10: Kwa nini hukusema tangu mwanzo?

Mkorosho_Mkavu: Ni mjomba, mkuu.

Dada_Mikindani: Samahani. Ni ya rangi ya fedha, ina stika ya Simba kioo cha nyuma? Mdogo wangu kaitolea advansi Jumamosi.

Mkorosho_Mkavu: Dada, ametoa kiasi gani?