Ubao wa samaki wa futi 7 na inchi 4: unamfaa mtu anayeishi Jinja?

Mkazi wa Jinja

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka sita nimekuwa nikipanda mawimbi ya mto Nile kwa ubao wa samaki (ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, mpana na wenye mkia uliogawanyika kama wa samaki) wa futi 5 na inchi 8, na kila nikipata likizo wakati wa kusi husafiri kwa basi hadi Malindi, kwa shemeji yangu, kufuata mawimbi ya bahari. Mtoni ubao huu sina la kuulaumu. Baharini, kwa uzito wangu wa kilo 92, mikono huchoka kwa kupiga maji kabla sijapata wimbi la tatu, na mawimbi yenyewe mara nyingi ni manene na malegevu, yananipita chini ya tumbo na kuniacha nimelala palepale.

Sasa kuna mtu Malindi anayeuza samaki mkubwa: futi 7 na inchi 4, upana wa inchi 22 na nusu, mkia wa mbayuwayu, mapezi mawili marefu yaliyolala kama mkuku wa jahazi. Niliushika mwezi uliopita na tangu siku hiyo umenikaa moyoni. Tatizo ni kwamba ili niununue itanibidi niuze ule mdogo. Je, samaki akikuzwa kiasi hicho bado huteleza kama samaki? Na je, naweza kuutumia huku mtoni pia?

Mzee wa Maporomoko

Mtoni usiupeleke, mwanangu. Wimbi la bahari husafiri nawe husafiri nalo, kwa hiyo ubao mrefu una nafasi ya kunyooka mbele yako. Wimbi la mtoni limesimama mahali pamoja na maji ndiyo yanayokimbia chini yako, na uso wake, kutoka kileleni hadi bondeni, ni mfupi. Omo, yaani ncha ya mbele, ya ubao mrefu hulifikia lile bonde wakati miguu yako bado iko juu, maji yanayokuja kwa kasi huishika, na hapo safari imekwisha. Niliwahi kujaribu ubao wa futi 7. Ulizama omo, ukasimama wima kama mlingoti, kisha ukanirudia ubavuni. Nilikaa wiki mbili bila kuinua jembe.

Na mawimbi yenyewe tunayaona yakipungua. Sisi tuliojifunzia kwenye maporomoko ya Bujagali, hapa mtoni, kabla ya bwawa la megawati 250 kuzinduliwa mwaka 2012 tunajua kilichofunikwa na maji pale. Tunza ubao unaofaa kwa wimbi lililobaki.

Dada wa Pwani

Shikamoo Mzee. Kuhusu mto sina neno, lakini kuhusu bahari naomba nimtetee samaki mkubwa, kwa kuwa ndiye ninayempenda kuliko ubao mwingine wowote. Mimi nafanya kazi Kampala, ila nimekulia Malindi.

Kaka, ghuba ya Malindi upande wa kaskazini haina mwamba wa kuyavunja mawimbi mbali na pwani kama sehemu nyingine nyingi za Kenya, kwa sababu mto Sabaki humwaga matope yake pale na matumbawe hayastawi. Ndiyo maana kusi inapovuma tunapata mawimbi hadi ufukweni, ya rangi ya chai ya maziwa, lakini yamechafuliwa na upepo na hayana mgongo. Wimbi la namna hiyo linataka ubao mpana, wenye tumbo bapa na mpindo mdogo kutoka omo hadi mkia, unaoanza kuteleza mapema na usiosimama pale wimbi linapolegea katikati. Samaki mkubwa ameumbwa hivyo hasa.

Ni kweli kwamba Steve Lis wa San Diego alipochonga samaki wa kwanza mwaka 1967 ulikuwa ubao mfupi wa kupigia magoti. Lakini katika mji huohuo Skip Frye amejulikana kwa samaki wanaozidi futi 9, na hakuna anayesema hao si samaki. Kinachobadilika ni namna ya kuupanda. Ule mdogo huugeuza kwa kifundo cha mguu. Huu mkubwa unausogelea kwa hatua, mguu wa nyuma unaufikisha juu ya mapezi, unalalia ukingo na kusubiri. Ukiulazimisha utakukatalia. Ukiusubiri, utachora mstari mmoja mrefu ambao ubao wako wa sasa hauwezi kuuchora.

Fundi wa Faiba

Kabla ya kulipa, pima mkia kutoka ncha hadi ncha. Wachongaji wengine hukuza kila kipimo kwa uwiano mmoja, na mkia ukipita inchi 11 hivi utapata shida kuulaza ubao kwa ukingo. Kisha kagua shina la kila pezi, kwa sababu mapezi ya mkuku yana shina refu na hubeba mzigo mkubwa. Bonyeza kwa kidole gumba pande zote. Pakibonyea, maji yameshaingia.

Jambo dogo la nyongeza: maji ya bahari ni mazito kuliko ya Nile kwa takribani asilimia 2.5. Wewe na ubao mkiwa kilo 96, mtoni mnahitaji ujazo zaidi wa lita 2 na kidogo ili kuelea sawa na baharini. Kwa hiyo ikiwa ule mdogo unakuchosha huko kwenye chumvi, tatizo ni ujazo wake; usiilaumu mikono.

Mkazi wa Jinja

Nawashukuru nyote. Nimempigia shemeji akaenda na futi ya fundi cherehani: mkia ni inchi 10 na robo, hakuna panapobonyea, ila kwenye shina la pezi la kushoto kuna ufa mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Mdogo siuuzi. Muuzaji amekubali nilipe kwa awamu tatu. Fundi, nikuletee huku uuzibe?

Fundi wa Faiba

Usiusafirishe kwa basi ukiwa na ufa. Mwambie shemeji asiutie majini, auoshe kwa maji yasiyo na chumvi, aukaushe kivulini siku kadhaa, kisha fundi wa boti wa hapohapo ausugue na kuuziba kwa faiba na rezini. Na ukipona uache hukohuko kwa shemeji. Mzee ameshakueleza huku utakufanyia nini.