Waliofariki 1616: Shakespeare na Cervantes walikufa siku moja kweli?

Muulizaji:
Wakuu, naandaa orodha ya watu mashuhuri wa fani mbalimbali waliofariki 1616. Hadi sasa wamo William Shakespeare, Miguel de Cervantes mwandishi wa Hispania, Tang Xianzu mtunzi wa tamthilia wa China, Tokugawa Ieyasu mtawala wa Japani na mwanahistoria Inca Garcilaso de la Vega, mzaliwa wa Cuzco. Vitabu vingi vinasema Shakespeare na Cervantes walifariki siku moja, 23 Aprili, vingine vinakanusha. Halafu Francis Beaumont, mtunzi wa tamthilia wa Uingereza, kuna anakoandikwa 1615 na kwingine 1616. Nimuweke wapi?

Jibu la 1:
Si siku moja, mkuu. Tarehe zinafanana, kalenda ni mbili. Hispania ilihamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, mwaka 1582: Alhamisi 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Uingereza ilibaki na ile ya zamani, ya Julius, hadi 1752. Mwaka 1616 tofauti ilikuwa siku 10, kwa hiyo 23 Aprili ya Shakespeare: 23 + 10 = 33, toa 30 za Aprili, unapata 3 Mei ya Hispania.

Cervantes naye alifariki 22 Aprili. 23 ni siku ya maziko. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana rejista za parokia za zama zile mara nyingi ziliandika maziko, si kifo. Hata Shakespeare, rejista ya Stratford, mji wake, inataja maziko ya 25 Aprili. Hiyo 23 imechongwa kwenye mnara wake wa kumbukumbu kanisani. Kwa hiyo wamepishana siku 11.

Usitumie 10 kwa kila karne. Miaka 1700, 1800 na 1900 ilikuwa mirefu (siku 366) kwa Julius, mifupi (siku 365) kwa Gregori, hivyo tofauti ikawa 11, kisha 12, kisha 13, ikibadilika kila mara mwishoni mwa Februari. Mshairi Pushkin alifariki 29 Januari 1837 kwa hesabu ya Urusi; jumlisha 12, ni 10 Februari.

Jibu la 2:
Beaumont ni tatizo jingine kabisa, usilichanganye na la siku 10. Uingereza ya wakati ule mwaka mpya ulianza 25 Machi. Yeye alifariki 6 Machi, na kwa watu wake ule ulikuwa bado 1615. Kwa hesabu ya leo ni 1616, kwa hiyo mweke kwenye orodha yako na uandike 1615/16, msomaji asidhani umekosea.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko katika kanisa la Westminster Abbey, London, kwenye mnara wa mwanasayansi Newton: tarehe ya kifo imechongwa 20 Machi 1726, wakati vitabu vinasema 1727. Vyote viko sahihi.

Angalizo: kabla ya kuongeza mwaka, hakikisha mhariri wa kitabu hajaongeza tayari. Ukirekebisha mara mbili Beaumont anahamia 1617. Na Scotland iliacha kaida hiyo 1600, usiwarekebishie.

Jibu la 3:
Ukifika kwa wanazuoni wa Kiislamu, bila mwezi usikubali mwaka. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na kwa kawaida unaangukia miaka miwili ya Gregori. Mwanahistoria Ibn Khaldun alifariki 808 Hijria. Mwaka huo ulianza katikati ya 1405, lakini yeye alifariki Ramadhani, mwezi wa tisa, nayo iliangukia Februari na Machi 1406. Anayegeuza mwaka peke yake anaandika 1405.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Sasa nigeuze tarehe zote ziwe za Gregori?

Jibu la 1:
Kwa orodha ya mwaka, hapana. Bakiza tarehe ya nchi yake, anzisha mwaka 1 Januari, na utaje kalenda pembeni. Geuza pale tu unapolinganisha siku za watu wa nchi mbili. Wa kuangalia kwa makini ni wa 22 hadi 31 Desemba ya Julius, kwa karne ya 17, maana wakigeuzwa wanavuka mwaka. Newton huyohuyo alizaliwa 25 Desemba 1642, sawa na 4 Januari 1643. Galileo, mwanasayansi wa Italia, alifariki 8 Januari 1642 ya Gregori. Wanaosema mmoja alizaliwa mwaka aliofariki mwenzake wamechanganya kalenda mbili.