Hanabi mtandaoni: tunakwama alama 16

Mdau_Gulu: Wadau, tuko watatu, Gulu, Mbale na Kampala, tunacheza Hanabi ya bure kwenye hanab.live, ule mchezo wa karata wa kushirikiana: unaona karata za wenzako lakini si zako, na mnapeana vidokezo ili kila rangi ipangwe kuanzia 1 hadi 5. Hatuvuki alama 16 kati ya 25, vidokezo vinaisha mapema. Tatizo liko wapi?

KarataTano: Bila shaka mnaogopa kutupa karata. Vidokezo ni 8 tu, na kila karata inayotupwa inarudisha kimoja. Kubalianeni mapema: anayetupa atupe ile ya kulia kabisa ambayo haijaguswa na kidokezo. Hapo wenzake wanaona kinachokaribia kutupwa na kumzuia kwa wakati. Kidokezo kikigusa karata mbili, icheze iliyo kushoto zaidi, isipokuwa kimegusa ile iliyokuwa inangoja kutupwa. Hapo kidokezo kinaihusu hiyo inayongoja kutupwa. Kusema "hizi ni nyekundu" ilhali hakuna ya kucheza wala ya kuokoa ni kupoteza bure.

Mzee_wa_Bando: Niongezee hesabu. Kila rangi ina namba 1 tatu, namba 2, 3 na 4 mbili mbili, na 5 moja pekee. Zikitupwa 3 zote mbili za kijani, kijani inaishia 2: alama tatu zimekwenda.

Mdau_Gulu: Na mtandao ukikatika?

Mzee_wa_Bando: Mnacheza kwa zamu, kwa hiyo msiwashe saa ya kuhesabu muda wa zamu mnapofungua meza. Simu ya sauti iacheni, inakula bando na mguno mmoja tu unafichua karata.