Binti yangu anataka kutuma hadithi kwa jarida la watoto, nimsaidie vipi?

Mama Wawili (Umoja)
Hamjambo wanajamvi. Binti yangu ana miaka 11, yuko Gredi ya 5. Ameandika hadithi ya punda anayevuta mkokoteni wa maji hapa mtaani mifereji ikikauka, na akamchora kwa penseli kwenye daftari la hesabu. Amesikia kuna jarida la Marekani, Stone Soup, linalochapisha kazi za watoto, basi haniachi nipumue.

Shida ni tatu. Aliandika "punda alinyamaza kama mtu anayedaiwa". Mwalimu akakata, akaweka "kimya kama maji mtungini". Binti kauliza, kwani mwalimu hajawahi kudaiwa? Pili, kuna kikundi cha WhatsApp kinataka shilingi 3,500 ndipo atokee kwenye kitabu chao. Tatu, Kiswahili chake kizuri, Kiingereza ni cha kuomba maji.

Kalamu Butu
Mama, rudisha sentensi ya mtoto leo hii! Hayo maji ya mtungini yamo katika kila insha tangu enzi zangu za kaptura. Shuleni yalituletea alama, sikatai. Lakini mhariri akifika kwa "mtu anayedaiwa" atajua kuna mtoto aliyesimama akamtazama punda. Tahajia na vituo sahihisheni pamoja, kalamu aishike yeye.

Hiyo 3,500 baki nayo. Yapo majarida halali yanayotoza ada ndogo ya kupokea kazi, lakini ukiambiwa lipa ndipo achapishwe, kisha nunua nakala, hapo wanauza, na mteja ni wewe.

Shangazi wa Maktaba
Stone Soup lipo tangu 1973, lilianzia California, na ni la watoto wa hadi miaka 14. Lugha yake ni Kiingereza. Skipping Stones la Oregon limejulikana tangu 1988 kwa kukaribisha kazi za lugha mbalimbali, ukiambatisha tafsiri. Tafsirini pamoja, neno la mwisho liwe lake. Masharti yasome kwenye tovuti yao wiki ya kutuma, hubadilika.

Akipenda mashairi, gazeti la Taifa Leo huyachapisha, ila huko ajifunze vina kwanza: tarbia, mishororo minne kila ubeti, kwa kawaida mizani (silabi) 16 kila mshororo.

Fundi Skena
Asichore upya! Mchoro wa pili huwa umepoa. Peleka saiba wauskeni kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), wakutumie kwa barua pepe. WhatsApp huibana picha. Ukitumia simu, weka karatasi karibu na dirisha asubuhi, zima flashi, simu ikae sambamba na karatasi. Miraba ya daftari itaonekana. Mimi ningeiacha. Mchoro wenyewe usiutume.

Wakili wa Jioni
Hakimiliki ni ya mtoto, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hudumu maisha yake na miaka 50 baadaye. Kwa hiyo angalia kama jarida linataka haki zote au ruhusa ya kuchapisha tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, basi fomu jaza wewe. Jina la shule na mtaa visiingie kwenye maelezo ya mwandishi.

Mama Wawili
Asanteni sana. Na wakikaa kimya?

Kalamu Butu
Wengi hukaa. Andika tarehe uliyotuma, na masharti yakiruhusu, peleka kwingine pia. Yeye aanze nyingine.