Wewe uliyekula samaki juu ya dungu langu, unajijua!

Mzee wa Mihogo (mleta uzi)

Wakuu, naandika nikiwa kwenye foleni Gongo la Mboto, natoka shamba, matope bado yako miguuni na mikono inatetemeka kwa hasira.

Jitu zima limepanda dungu langu, jukwaa nililojenga la kuvizia nguruwe pori wanaokula mihogo yangu. Limekaa. Limefungua mfuko wa rambo, limetoa samaki wa kukaanga, limekula!

Simtaji jina na sina haja ya kumtaja. Wote wa njia ya Kisarawe mnamjua. Yule wa kofia ya kijani, mvua kofia, jua kofia, ambaye kila mnyama wa nchi hii kamuua yeye. Tembo kamuua kwa rungu. Simba kamfukuza kwa kikohozi. Huyo huyo.

Dungu nilisimamisha Jumamosi ya wiki juzi, pale shambani upande wa msitu wa Kazimzumbwi. Nguzo nne za mkaratusi, sakafu ya milunda, makuti juu. Fundi alipomaliza nikaokota kila gome na kila konzi ya vumbi la msumeno nikafukia mbali, maana mti mbichi unanuka na nguruwe pori maisha yake yote yako puani. Nikaliweka kaskazini mwa njia yao, kwa kuwa huu ni wakati wa kusi, upepo utoke kwao uje kwangu. Nikawaambia watu wote: siku kumi na nne asisogee mtu. Hata mbwa asisogee!

Na lilikuwa linafanya kazi. Nilikuwa nakagua asubuhi jua likishawaka, mabuti ya mpira miguuni. Siku ya pili nyayo zilifika kwenye mwembe zikageuka. Siku ya tano wamezunguka kwa mbali. Siku ya kumi na moja wamepita hatua sita tu kutoka kwenye nguzo! Wamefukua matuta mawili, shina la muhogo limelala chali, mzizi umetafunwa nusu na alama za meno zimebaki kwenye ule weupe, bado mbichi, utomvu unachuruzika. Nilifurahi kama nimeokota hela. Wamelizoea. Ijumaa askari wa wanyamapori wa wilaya anakuja na bunduki yake, kibali kiko mfukoni mwangu, nimekihangaikia wiki tatu.

Jana usiku, siku ya kumi na mbili, jitu likapanda. Na samaki! Na ndimu, na pilipili! Asubuhi nimekuta miiba chini ya ngazi na kichwa cha kibua kimenikodolea macho. Leo nyayo hakuna. Hata moja.

Nikamfuata. Akanijibu mbele ya vibarua wangu: "Dungu jipya hukaliwa usiku ule ule, mnyama hajalijua. Nilikuwa nalijaribu kama linabeba. Wewe mtu wa mjini, uwindaji umesomea kwenye simu."

Kwenye simu! Mimi! Huku meno yake yana magamba ya samaki!

Chura wa Jangwani

Naweka kiti hapa. Uzi bila picha lakini, mkuu. Tunataka kichwa cha kibua.

Mbaazi za Nazi

Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, huyo mtu kaipata wapi? Hilo ndilo la kushtaki, samaki achana naye.

Mzee wa Mihogo

Rambo, gazeti, kikapu, haijalishi alibebea nini! KALA SAMAKI JUU YA DUNGU.

Mama Kunde

Kaka pole. Ila nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Bwana Shamba Mstaafu

Kwanza mleta uzi awe wazi, ni ngiri au ni nguruwe pori? Watu wanachanganya. Ngiri anatembea mchana na usiku analala shimoni. Anayekuja gizani kung'oa mihogo ni nguruwe pori. Kama ni huyo, siku kumi na nne si nyingi hata kidogo. Akishtuka mara moja kundi zima linabadilisha njia, na usitegemee kuwaona wiki hiyo. Angalau kibali unacho, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitanii na mtu.

Mpiga Kasia

Kwa hiyo mleta uzi hawindi. Bunduki ya askari, nguruwe wa serikali, yeye kachangia ngazi. Na bado anagomba kama kaporwa mwali.

Mzee wa Mihogo

Mpiga Kasia, mihogo ni ya nani? Dungu ni la nani? Nimelipia nguzo, nimelipia fundi, nimelipia makuti, nimebeba milunda begani. Wewe umewahi kubeba nini zaidi ya simu?

Mswahili wa Wisconsin

Wakuu, huku Marekani ugomvi huu upo kila mwaka, tena wa kutoana macho. Huku wanawinda paa wa mkia mweupe, kiti kinafungwa mtini kwa mikanda. Wengi wanakifunga kiangazi, Julai au Agosti, na msimu wa mishale unafunguliwa katikati ya Septemba, kwa hiyo paa wana wiki kadhaa za kukizoea na mvua inaosha harufu ya mtu. Wengine wanaapa kabisa kwamba mara ya kwanza kukaa ndiyo bora kuliko zote, paa hajui kama kuna mtu, kwa hiyo unabeba kiti mgongoni, unafunga mchana upepo ukiwa mzuri na jioni hiyo hiyo unawinda. Hasa Novemba, dume likiwa linafuata majike, halijali kitu. Wote wawili wanapata paa. Kwa hiyo huyo wa kofia ya kijani hakukosea sana. Ila sijaona mtu huku akapanda na samaki.

Mzee wa Mihogo

Asante ndugu! Umesikia wewe wa kofia? Hata Marekani! Na kama alitaka usiku ule ule, angekuja usiku ule ule. Siku ya kumi na mbili ni usiku ule ule wa kalenda ipi? Wameshazoea, wanakaribia, hatua SITA, ndipo anakwenda kukamulia ndimu.

Mtanga Halisi

Samahani, kwani dungu na ulingo ni kitu kimoja? Kwetu cha shambani cha kuwingia ndege ni ulingo.

Mbaazi za Nazi

Ulingo ni wa mabondia.

Mtanga Halisi

Mabondia wameuazima kwetu! Bibi yangu amekaa ulingoni na kombeo kabla bondia hajazaliwa.

Bwana Shamba Mstaafu

Yote mawili ni sahihi. Kuna na kilingo. Msigombane.

Mama Kunde

Afadhali nyie mna nguruwe, mnyama mwenye aibu, anakuja usiku. Mimi Morogoro nina nyani. Saa nne asubuhi, jua kali, anavunja hindi huku ananitazama usoni. Nikimtuma mwanangu wa kike nyani anakaa tu, akimwona mwanamume ndiyo anasogea. Hilo nani ataliletea askari?

Chura wa Jangwani

Nyani? Mimi nina jirani. Jogoo wake anawika saa nane usiku, nikilalamika ananiambia nihamie hotelini.

Mpiga Kasia

Jirani wa kwangu kanunua jenereta kalielekeza dirishani kwangu. Kila umeme ukikatika nalala na moshi.

Mzee wa Mihogo

Wakuu, turudi kwenye mada. Ijumaa niahirishe au nimwache askari aje? Nimechimba ule udongo wenye miiba nimeutoa kwa toroli, ngazi nimeisugua kwa majivu. Dungu likipumzishwa tena wiki mbili, mbalamwezi itakuwa imeisha na giza totoro hakuna atakachoona. Yote hii kwa sababu ya kibua mmoja!

Mbaazi za Nazi

Kibua wa kukaanga Feri siku hizi ni bei gani?

Mtanga Halisi

Nenda alfajiri wakati mashua zinashusha, ununue mbichi ukakaangishe pale pale. Ukienda mchana unanunua usumbufu.

Mama Kunde

Jamani nyani, nani ana dawa ya nyani? Nimeshafunga makopo, nimevalisha sanamu shati la marehemu mjomba. Shati wamelivua wameondoka nalo.

Chura wa Jangwani

Wamelivua??? Mama Kunde fungua uzi wako, huu hautoshi. Tunakuja wote.