Clipse au The Cure: ni albamu ipi iliyostahili kusubiriwa miaka 16?

Sikio Pevu
Wanajamvi, naomba tulinganishe albamu mbili ambazo ni nadra kuwekwa pamoja, kwa kuwa moja ni ya rapu na nyingine ni ya roki mbadala. The Cure, bendi ya roki, walitoa Songs of a Lost World tarehe 1 Novemba 2024, miaka 16 baada ya albamu yao ya 2008. Clipse, yaani marapa ndugu wawili Pusha T na Malice, walitoa Let God Sort Em Out tarehe 11 Julai 2025, nao walikuwa hawajatoa albamu ya pamoja tangu 2009. Zote mbili zinaomboleza: katika wimbo wa kwanza wa Clipse, Pusha T anamlilia mama yao na Malice anamlilia baba, waliofariki kwa kupishana miezi michache, na Robert Smith, mwimbaji wa The Cure, naye ana wimbo kuhusu kifo cha kaka yake. Mimi nawapa ushindi The Cure, kwa sababu nyimbo zao 8 zinashikamana katika huzuni moja, ilhali Clipse wanafunga matanga mapema mno na kurudi kwenye majigambo yao ya zamani kuhusu biashara ya dawa za kulevya.

Vina na Mizani
Ndugu Sikio Pevu, hoja yako ina uzito, lakini nadhani umewapunja Clipse. Maombolezo yamewekwa mwanzoni makusudi, ili kila jigambo linalofuata lisikike kutoka kinywani mwa mtu aliyekwisha kuzika wazazi. Kumbuka pia kwamba Malice aliwahi kuliacha kundi, akashika dini na kujiita No Malice; kwa hiyo anaporudi kuusimulia ule ulimwengu wa zamani, sauti yake ina mzigo ambao mdogo wake hana, na tofauti hiyo ndiyo inayoibeba albamu hadi wimbo wa mwisho, ambao jina lake lenyewe linataja neema ya Mungu. Midundo ni ya mtayarishaji Pharrell Williams peke yake, tena mingi imeachwa mitupu kiasi kwamba hakuna neno linalofichika. Wimbo So Be It, uliojengwa juu ya sauti ya Talal Maddah, mwimbaji wa Saudi Arabia, kwangu ndio mdundo bora wa albamu nzima. Kasoro ninayoiona ni viitikio ambavyo Pharrell anaviimba mwenyewe, vichache vingetosha.

Besi Nzito
Mimi nawapigia kura Clipse kwa sababu nyepesi zaidi: The Cure wanachelewa. Katika Alone, wimbo wa kufungulia, ala zinapiga kwa zaidi ya dakika tatu kabla Smith hajafungua kinywa, na Endsong unapita dakika 10. Nilichoka, wala sioni haya kulisema.

Mshika Gitaa
Ndugu Besi Nzito, kuchelewa huko ndiko kunakompa msikilizaji nafasi ya kuingia katika huzuni kabla ya kuelezwa chanzo chake. Ajabu kwangu ni kwamba Smith, aliyekuwa na umri wa miaka 65 albamu ilipotoka, bado anaimba kwa sauti ileile ya ujana wake, na hapo ndipo maneno yake kuhusu uzee yanapochoma zaidi.

Mtaa wa Pili
Naomba niongeze ya tatu. Rapa Kendrick Lamar aliiachia albamu ya GNX tarehe 22 Novemba 2024 bila tangazo lolote, miaka miwili na nusu tu baada ya albamu iliyotangulia, na katika nyimbo 12 aliwapa nafasi marapa kadhaa wa Los Angeles wasiojulikana sana nje ya jiji hilo. Ina makali kuliko hizo mbili, ingawa haishikamani kama zilivyoshikamana.

Sikio Pevu
Ndugu Mtaa wa Pili, GNX naipenda, lakini hasira yake ni ya mwaka ule wa ugomvi wa Kendrick na rapa mwenzake Drake, na nusu yake inamtaka msikilizaji aujue ugomvi huo. Ndugu Vina na Mizani, hoja yako kuhusu Malice naikubali kabisa. Beti zake ndizo bora katika albamu zote tatu. Hata hivyo sibadilishi mpangilio wangu, kwa sababu beti za Malice nazitafuta mojamoja, ilhali The Cure sijaweza kuruka hata wimbo mmoja.